Tata Vasco na Vijiji vya Santa Fe

Haya wajukuu, sogeeni. Mmezoea kunisikia nikisimulia ya Sungura na Fisi, hadithi ambazo hakuna ajuaye zilianza lini wala wapi. Ya leo ina mahali pake na miaka yake, na watu wake walizaliwa, wakala, wakalala na wakafa kama sisi. Ni hadithi ya hakimu mmoja Mhispania aliyewajengea nyumba maskini wa nchi ambayo watu wa kwao mwenyewe ndio walioifukarisha. Hilo la mwisho lishikeni vizuri. Mtu akiwapa habari za Vasco de Quiroga akaliruka hilo, atakuwa amewasimulia nusu.

Nchi yenyewe leo tunaiita Meksiko. Magharibi mwa nchi hiyo, juu milimani ambako usiku baridi huuma, kuna ziwa liitwalo Pátzcuaro. Kandokando yake waliishi Wapurépecha, na mpaka leo wanaishi huko. Walikuwa wavuvi, na wakulima wa mahindi, maharage na pilipili. Walijua kuyeyusha shaba na kufua shoka, sindano na kengele. Jirani zao wa mashariki, Waazteki, walikuwa na jeshi lililotisha kila mtu, lakini walipojaribu kuwateka Wapurépecha walirudi kwao wamepigwa. Mji mkuu wao, Tzintzuntzan, ulikuwa na mahekalu ya mawe yaliyotazama ziwa, na mfalme wao alikuwa na mahakimu na maghala. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba watu hawa walikuwa maskini tangu dunia iumbwe. Umaskini waliletewa.

Mwaka 1519 Hernán Cortés alitia nanga pwani ya mashariki na mamia ya askari wa Kihispania. Mwaka uliofuata ukaingia ugonjwa wa ndui, ambao watu wa huko hawakuwahi kuuona na miili yao haikuujua. Ukaua wakubwa kwa wadogo. Tarehe 13 Agosti 1521 mji mkuu wa Waazteki ukaanguka. Mfalme wa Wapurépecha, Tangaxoan, alipozipata habari aliona afadhali amani kuliko vita, akawapokea Wahispania bila kupigana. Amani hiyo haikumfaa kitu. Mhispania mmoja, Nuño de Guzmán, aliyekuwa mkuu wa serikali mpya, alimdai dhahabu, akamtesa, na Februari 1530 akamuua. Sitawaeleza alivyomuua. Mtakapokua mtasoma wenyewe.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa siku ya tatu walichukua shamba, na jembe wakamwachia mwenyeji ili awalimie. Kila askari mkubwa aligawiwa vijiji pamoja na watu waliomo. Watu hao walipaswa kumpelekea mahindi, nguo, kuku, dhahabu, na juu ya hayo wafanyakazi. Sasa nawauliza ninyi: baba akipelekwa mgodini, nani atapalilia? Mama akichukuliwa kwenda kusaga mahindi katika nyumba ya bwana, mtoto atanyonya kwa nani? Waliotekwa vitani, na wengi ambao vita hawakuviona, walitiwa alama usoni kwa chuma cha moto, wakauzwa. Wengine walikimbilia milimani. Haikupita miaka kumi tangu mji wa Waazteki uanguke, na nyumba zilizokuwa na babu, bibi, wajomba na watoto zikawa zimebaki na mtoto mmoja, au zimebaki tupu.

Watoto hao ndio aliowakuta sokoni Vasco de Quiroga.

Alifika mjini Meksiko mapema mwaka 1531. Hakuwa padri. Alikuwa mwanasheria mtu mzima kutoka Madrigal de las Altas Torres, mji mdogo wa Kastilia, na kabla ya hapo aliwahi kuwa hakimu huko Oran, Afrika ya Kaskazini. Sababu ya kuja kwake ni kisa kizuri. Askofu wa kwanza wa Meksiko, mtawa Mfransisko aitwaye Juan de Zumárraga, alitaka kumshtaki Nuño de Guzmán kwa mfalme, lakini Guzmán alikuwa akizikamata barua zinazotoka. Inasimuliwa kwamba askofu aliifunga barua yake ndani ya nta, nta ikazamishwa katika pipa la mafuta, na baharia mmoja akaivusha mpaka Hispania. Ikafika. Mahakimu wa zamani, waliotawala pamoja na Guzmán, wakaondolewa, wakaletwa wengine, na mmoja wao alikuwa Quiroga.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza mashauri ya watu waliosema: mimi si mtumwa, nimeuzwa kwa hila. Katika mashauri hayo aliwaketisha karibu naye wazee wanne wenyeji, mahakimu kwa mila za kwao, ili wamweleze desturi za nchi zilivyokuwa kabla ya Wahispania. Hakimu mgeni anayeuliza kabla ya kuhukumu ni mtu wa kumwangalia mara mbili.

Huko sokoni nako aliona mayatima wakizunguka wakiokota kilichoachwa na nguruwe na mbwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nanyi mnaijua methali hiyo. Quiroga alikuwa ameshiba, ana mshahara wa serikali na pa kulala, lakini alisimama, akatazama, akaandika. Barua yake kwenda Hispania ina tarehe ya 14 Agosti 1531. Aliomba maskini waanzishiwe vijiji vipya katika ardhi isiyolimwa, wajilishe kwa jasho lao na wakae wakifundishwa dini ya Kikristo. Fedha hakuzingoja zitoke kwa mfalme. Mwaka 1532 alitoa mshahara wake akanunua ardhi kwenye vilima vya magharibi mwa mji, mwendo wa saa chache kwa miguu, mahali penye chemchemi. Akapaita Santa Fe, yaani Imani Takatifu. Watu walipaita pia hospitali, kwa sababu siku zile hospitali ilimpokea yeyote asiye na pa kwenda: mgonjwa, yatima, mjane, hata msafiri aliyeishiwa.

Twendeni ndani tukaone watu waliishije. Quiroga aliwaandikia kanuni, nazo zipo mpaka leo, kwa hiyo hapa sibuni kitu.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya ukoo mzima. Waliishi humo wanandoa wanane, kumi, hata kumi na wawili wa upande wa baba, pamoja na watoto wao. Mkubwa wa nyumba alikuwa babu. Kijana akioa, mke aliletwa katika nyumba hiyohiyo. Nyumba ikijaa, ilijengwa nyingine. Ukuta ukipasuka au paa likivuja, haikuwa shida ya mtu mmoja: wote walitoka wakatengeneza. Kila nyumba ilikuwa na bustani yake pembeni, ya mboga na matunda, na mavuno yake yalikuwa ya wenye nyumba.

Lakini sikilizeni hapa. Nyumba na bustani walipewa wazitumie, wao na wana wao na wajukuu wao. Hakuna aliyeruhusiwa kuziuza. Mtasema, babu, mali gani hiyo usiyoweza kuiuza? Quiroga alikuwa mwanasheria, alijua maskini anavyonyang'anywa. Upanga hauhitajiki kila mara. Maskini huletewa karatasi siku ambayo watoto hawajala, akatia alama yake, na kesho yake shamba ni la mwingine. Ardhi ya wote, ambayo hakuna mmoja mwenye idhini ya kuiuza, haichukuliki kwa karatasi ya siku ya njaa. Hata mwenye tamaa katika ukoo hawezi kuwauza ndugu zake.

Kazi ya pamoja ilikuwa saa sita kwa siku. Au wakitaka, walifanya siku mbili au tatu kwa wiki tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa, na siku nyingine zikawa zao. Pimeni hilo na mgodi, ambako mtu aliingia mzima akatolewa amebebwa. Baadhi ya jamaa, wanandoa wanne au sita pamoja, walipelekwa kwenye mashamba ya mbali wakalime na kufuga. Baada ya miaka miwili walirudi, wengine wakaenda badala yao, isipokuwa aliyependa kubaki. Kwa njia hiyo hakuna ukoo uliokaa kijijini daima ukila jasho la ukoo mwingine.

Mavuno yaligawanywa kwa haja, kila nyumba kadiri ya matumbo yaliyomo. Kilichozidi kilikuwa cha mayatima, wajane, wazee, vipofu na wagonjwa. Halafu kuna kanuni ya ghala, ambayo mimi naipenda kuliko zote: kila mwaka wapande mara mbili ya wanachohitaji, na ziada isiuzwe mpaka ionekane wazi kwamba mavuno ya mwaka unaofuata yatakuwa mema. Yaani hata mfanyabiashara aje na bei nzuri namna gani, mlango wa ghala haufunguliwi mpaka shamba la mwakani litoe ushahidi. Mkiuliza ni nani aliyewafundisha wenyeji kuweka akiba, nitawajibu kwamba maghala walikuwa nayo tangu enzi za mfalme wao. Quiroga aliyarudisha mahali yalipong'olewa.

Na watoto je? Walisoma na kufundishwa dini, na mara mbili kwa wiki mwalimu aliwatoa shambani na vijembe vyao, saa moja au mbili, kama mchezo. Walichovuna kilikuwa chao wenyewe. Waligawana, na aliyejitahidi zaidi alipata zaidi. Wasichana walijifunza kufuma sufu, kitani na pamba, maana kijiji kilijivisha. Nguo zilikuwa nyeupe, za kawaida, za namna moja kwa wote. Nadhani baadhi yenu mngelalamika.

Wagonjwa walikuwa na jengo lao la pembe nne. Upande mmoja walilazwa wenye maradhi ya kuambukiza, upande mwingine wasioambukiza, na kanisa dogo liliwekwa uwanjani ili mgonjwa aione ibada akiwa kitandani. Huo ni wakati ambao hakuna mtu duniani aliyejua kijidudu ni nini.

Uongozi ulipangwa hivi: wakuu wa nyumba walimchagua mkuu wa kijiji kwa kura ya siri, akaongoza miaka mitatu, au sita akifaa. Watu wakigombana walipatanishwa palepale bila kwenda mahakamani, ambako maskini hupoteza mwaka mzima na mbuzi watatu. Mhispania alikuwa mmoja tu, padri aliyeitwa rekta, naye alikuwa juu ya wote. Huyo rekta mwekeni akilini, nitamrudia.

Quiroga aliyatoa wapi mawazo haya? Mengine aliyatoa katika habari za Wakristo wa kwanza, waliouza mali zao na kula pamoja. Mengine yalitoka katika kitabu cha Mwingereza Thomas More kilichochapwa mwaka 1516, kiitwacho Utopia, kinachosimulia kisiwa cha kubuni ambako watu hufanya kazi saa sita na hakuna mwenye njaa. Wasomi wa Ulaya walikisoma, wakatabasamu, wakakirudisha rafuni. Quiroga aliamua kukijaribu na watu wa nyama na damu, wake kwa waume, wenye watoto wanaolia usiku.

Mwaka 1533 alitumwa Michoacán, nchi ya Wapurépecha. Alikuta vijiji vimetawanyika kwa hofu tangu kifo cha Tangaxoan. Akaanzisha Santa Fe ya pili kando ya ziwa, na hiyo ndiyo iitwayo Santa Fe de la Laguna.

Msidhani Wahispania wenzake walimpigia makofi. Mtu aliyekimbilia Santa Fe alikuwa mkono uliopungua mgodini, na wenye migodi walijua kuhesabu. Mwaka 1534 mfalme, aliyekuwa amepiga marufuku utumwa wa wenyeji, alilegea akauruhusu tena. Mwaka 1535 Quiroga alijibu kwa maandishi marefu ya kisheria akiupinga. Humo aliandika kwa uchungu kwamba nyuso za watu, zilizoumbwa kwa mfano wa Mungu, zimegeuzwa karatasi za kuandikia majina ya wanunuzi. Mwaka 1536 yeye mwenyewe akafanyiwa uchunguzi, kama ilivyokuwa desturi kwa kila hakimu aliyemaliza kipindi. Mashtaka yalikuwa kwamba nyumba za Santa Fe zilijengwa kwa kuwalazimisha wenyeji kubeba vifaa na kufanya kazi. Mashahidi waliitwa, askofu Zumárraga akiwemo, na Quiroga akaonekana hana hatia.

Muda mfupi baadaye likatokea jambo la ajabu. Hakimu huyu, ambaye hata ushemasi hakuwa nao, aliteuliwa kuwa askofu wa Michoacán. Mwaka 1538 Zumárraga akampa daraja zote za upadri, moja baada ya nyingine, mpaka uaskofu. Aliporudi kwa Wapurépecha walimwita Tata Vasco, yaani Baba Vasco, na jina hilo halijamtoka mpaka leo.

Kama askofu alihamishia makao yake kutoka Tzintzuntzan kwenda Pátzcuaro. Huko mwaka 1540 alianzisha Chuo cha Mtakatifu Nikolasi, cha kuwaandaa mapadri wa Kihispania walioijua lugha ya wenyeji, na akaagiza watoto wa wenyeji wafundishwe humo bila malipo. Chuo hicho baadaye kilihamia mji ambao sasa unaitwa Morelia. Miguel Hidalgo, padri aliyeanzisha vita vya uhuru wa Meksiko mwaka 1810, alisoma hapo na akawa mkuu wake.

Ukienda leo kando ya ziwa, watu watakuambia kwamba kila kijiji kilipewa ufundi wake na Tata Vasco: hiki shaba, kile vyungu, kile kazi za mbao, na Paracho magitaa. Alihimiza ufundi, na alitaka vijiji vibadilishane bidhaa badala ya kushindana. Lakini shaba Wapurépecha waliifua kabla babu yake Quiroga hajazaliwa. Katika kanisa kuu la Pátzcuaro kuna sanamu ya Bikira Maria, Mama wa Afya, ambayo aliwaagiza mafundi wenyeji waitengeneze. Waliifinyanga kwa rojo ya mabua ya mahindi, nyepesi ajabu, kwa ufundi waliokuwa wakitengenezea sanamu za miungu yao ya zamani. Aliyeagiza anakumbukwa kwa jina. Waliofinyanga hatuyajui majina yao.

Mwaka 1545 yakaja maradhi mengine mabaya, yaliyodumu miaka mitatu na kuzoa watu wasiohesabika. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya hospitali ndogo zilizokuwa zikijengwa vijijini Michoacán na Quiroga na Wafransisko, hasa Juan de San Miguel wa Uruapan. Huko Uruapan jengo lake bado limesimama, na watu huliita Huatapera. Dawa ya kuponya haikuwepo. Kilichokuwepo ni zamu: kila wiki wanandoa kadhaa wa kijiji waliacha nyumba zao wakaenda kupika uji, kuchota maji, kufua na kuwageuza wagonjwa. Wiki ikiisha walipokewa na wengine. Mgonjwa mwenye mtu wa kumpa maji ana nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyeachwa peke yake kwenye mkeka. Na watu hao wa zamu, wajukuu, hawakuwa Wahispania. Walikuwa Wapurépecha wakiwahudumia Wapurépecha.

Sasa naona mmoja wenu amenyoosha mkono. Anataka kuuliza kama Tata Vasco alikuwa mtu mwema.

Nitawajibu kama watu wazima. Aliokoa watu wengi, alitoa mali yake, na aliwatetea wasio na mtetezi mbele ya wenye nguvu. Hayo hayana ubishi. Lakini hakuwahi kuitaka Hispania iondoke. Aliamini kuwa mfalme wake alikuwa na haki ya kuitawala nchi hiyo, mradi aitawale kwa huruma. Dini ya wazee wa Wapurépecha aliiona kuwa giza tupu, na katika vijiji vyake haikuwa na nafasi. Kanuni zake ziliamua mambo mengi ambayo mtu angependa kuyaamua mwenyewe: nguo ya kuvaa, hata umri wa kuoa, kumi na minne kwa mvulana na kumi na miwili kwa msichana. Huko Pátzcuaro alitaka kujenga kanisa kuu lenye sehemu tano kubwa zinazokutana mbele ya altare moja. Kazi hiyo iliwaelemea wenyeji, wakalalamika, na ikamalizika sehemu moja tu.

Na yule rekta? Kijiji kilichagua viongozi wake, lakini neno la mwisho lilikuwa la padri Mhispania. Quiroga aliwaamini maskini kulima, kujenga, kutunza ghala, kuhukumiana na kupiga kura. Kuwaachia neno la mwisho hakuthubutu. Alikuwa baba, na baba wengi wana ugonjwa huo wa kutoona kwamba mtoto amekua. Ubaya ni kwamba hawa hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye historia yao kabla yeye hajapanda meli.

Alifariki Machi 1565, akiwa mzee sana. Wiki chache kabla ya hapo aliandika wosia akiwakabidhi wakuu wa Kanisa vijiji vyake na chuo chake, akiagiza kanuni zifuatwe na mali ya maskini isiguswe. Vijiji havikufa naye. Viliendelea kwa vizazi na vizazi.

Santa Fe ya kwanza imemezwa na jiji la Meksiko. Ukilisikia jina hilo leo, wengi hufikiria mtaa wa matajiri, wenye maghorofa ya vioo, mabenki na maduka makubwa. Kijiji cha zamani bado kipo hapo karibu, chini ya maghorofa, na wakazi wake si matajiri. Ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya maskini imezungukwa na ardhi ambayo maskini hawezi hata kuiulizia bei.

Santa Fe ya ziwani ina habari tofauti. Ni kijiji cha Wapurépecha mpaka leo. Lugha yao inazungumzwa, vyungu vinafinyangwa na kuchomwa majumbani, na ardhi yao wanaimiliki kwa pamoja. Mwaka 1979 wafugaji wa mji jirani waliingiza ng'ombe katika ardhi hiyo, wakagombana na wenye kijiji mpaka wanakijiji wakauawa. Mji huo jirani unaitwa Quiroga, kwa heshima ya Tata Vasco mwenyewe. Mnaona mambo? Wenye jina lake walikuwa upande mmoja, na wenye kazi yake upande mwingine. Wanakijiji hawakutegemea jina la mtu. Walishikamana, wakaandamana, wakadai haki yao, kwa sababu ardhi ilikuwa ya wote na kila nyumba ilikuwa na sababu ya kuitetea.

Hapo ndipo ninapoona kilichodumu. Kuta zilizojengwa mwaka 1533 zilishabomoka na kujengwa upya mara nyingi. Huruma ya mtu mmoja nayo ilizikwa pamoja naye. Kilichobaki ni yale mambo ambayo maskini walikabidhiwa mikononi mwao: ardhi isiyouzika, ghala, zamu ya kuhudumia mgonjwa, na mazoea ya kukutana na kuamua. Na pale ambapo hawakukabidhiwa, kama katika kile kiti cha rekta, ilibidi wadai wenyewe, kizazi baada ya kizazi.

Ninyi mtakua, na mtawaona watu wa dini na wa mashirika wakija vijijini na misaada. Wengi wao wana moyo safi, na mtu aliyenyeshewa na mvua hapaswi kumnunia anayemletea paa. Msiwe watovu wa shukrani, wala msiwe wajinga. Ulizeni kwanza maskini hawa walifukarishwa na nini, kwa maana nyumba mpya haimsaidii mtu ambaye kinachomnyonya bado kinaendelea kumnyonya. Ulizeni pia ni nani atakayekaa kitini kikao kitakapoitwa. Mgeni akija na mabati na saruji mpeni kiti, mpeni maji, mwambieni asante. Na kabla hajachimba msingi mwulizeni hati ya kiwanja itaandikwa kwa jina la nani.